Kamba Wenye Mayai

“Usiwamwage! Wana mimba hao!”

Mke wangu Mwatum aliuziba mlango, mikono kaitandaza kama anayezuia mbuzi asiingie mhogoni. Mie nilikuwa nimeshika chupa ya kioo yenye kamba wadogo wa mikokoni, nataka kuirusha nje pamoja na hasira zangu. Kamba walikuwa wamekataa kufa.

Naikumbuka siku ile kama ninavyokumbuka kila ahadi tuliyowahi kupewa hapa kijijini Makangale. Kampuni ya kitalu cha mikarafuu ilitaka kupulizia miche dawa mpya ya wadudu, na mvua ikinyesha, maji ya kitalu yote huteremkia horini kwetu, kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, wanawake wanakookota chaza. “Mafuta ya mimea tu,” alituambia Suhail, msemaji wao. “Asidi za mafuta zimeunganishwa na spiriti. Zinaitwa esta. Hata kwenye vipodozi zimo.” Dawa ya kabla yake nayo tuliambiwa laini kama maziwa, na kaa wakaelea matumbo juu. Wengine wamesahau. Mie shule sikumaliza, nimejisomea mwenyewe, lakini sisahau.

Tukamwita Nadhira, mtafiti, binti wa Wete. Akapanga chupa kwenye darasa la chuo cha Kurani: nyingine maji matupu ya hori, nyingine maji yaliyotiwa yale mafuta ya dawa, kidogo, kisha zaidi. Kila chupa na kamba wake. Baada ya siku mbili tukachungulia. Wote wazima, wanatuchezea masharubu.

“Hakuna aliyekufa,” Suhail akacheka. “Mzee Nyange, safari hii utamgombeza nani?”

Ndipo nikaibeba ile chupa.

“Weka chini, Nyange,” alisema Mwatum, sasa polepole. Wenzetu huitana kwa majina ya wana wao. Sie mimba zetu hazikufika, tukabaki na majina yetu wenyewe.

Nadhira alimtazama, akatabasamu. “Hawamwagwi, bimkubwa. Hii nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kungoja wazae.”

Tukangoja. Kila asubuhi Mwatum alipitia darasani kabla ya kwenda kwenye mwani wake. Nilimsikia akiwasemesha: “Vumilieni, jamani. Vumilieni.” Na mie, niliyetaka wafe, nikajikuta baada ya sala nawaombea hata wale wa kwenye mafuta. Nishindwe mie, lakini wazae.

Wa maji matupu walitotoa vumbi lenye macho, likirukaruka kwenye mwanga. Kwenye mafuta, hata yale kidogo, mama walikuwa wazima, wanakula vizuri. Ila mayai yao yalipauka, yakadondoka moja moja chini ya kioo. Mwatum aliyatazama, hakulia. Alinishika mkono mbele za watu, jambo asilowahi kulifanya.

Kwenye mkutano wa shehia, mbele ya sheha mwenye kutoa ruhusa ya dawa, Suhail akarudia lile lile, kwamba hakuna aliyekufa. Maneno ya moto yalikuwa tayari kooni mwangu. Mwatum akanivuta kanzu nikae, akasimama yeye.

“Kweli, mwanangu, hakuna aliyekufa. Na hakuna aliyezaliwa. Mama anakula, anatembea, ntu akimwona asema huyu mzima.” Akanigeukia. “Mie namjua mzima huyo.”

Sheha akaifunika kalamu yake, karatasi ya ruhusa ikabaki bila saini.

Kesho yake, maji yalipojaa, tulishuka horini na chupa ya watoto wa kamba. Mwatum hakuwamwaga kwa mkupuo. Aliizamisha chupa, akaiinamisha, akawaacha watoke wenyewe. Mmoja alibaki amegandia ukingoni mwa kioo. Akampulizia taratibu, kama anayepoza uji.

“Hana haraka huyu,” alisema.

Nikapandisha kanzu, nikaingia majini. Tukamngoja.