Vitunguu vya Mkwe

Nyamhanga alipopata habari kwamba mwanawe Chrispine amekamatwa Tanzania kwa mambo ya siasa, hakulia. Yeye ni mwenyekiti wa wachuuzi wa soko la Kegonga, huku Kenya karibu na mpaka, basi alipanda juu ya kreti ya soda akatangaza kwamba hakuna kitunguu cha Tanzania kitakachouzwa pale hadi kijana wake aachiliwe. Watu walipiga makofi. Hata waliokuwa wamevipanga vitunguu hivyo mbele yao walipiga, ingawa si kwa nguvu.

Na agizo lilishika, tusimnyime haki yake. Pikipiki za mizigo ziligeuzwa njiani, bei ya vitunguu ikapaa, kina mama wakapika mboga kwa nyanya tupu. Sokoni Nyamhanga alitembea kifua mbele. Nyumbani alikuwa baba tu, akishtuka kila simu ilipolia.

Hatimaye Chrispine alirudi, amekonda, ndevu zimemjaa. Nyamhanga alimkumbatia mbele ya watu.

"Umeona? Tuliwabana na vitunguu mpaka wakakuachilia!"

"Baba, wacha nikwambie ukweli," Chrispine alisema. "Huko ndani hakuna mtu amewahi kusikia Kegonga. Walituachilia wote pamoja, basi. Mwenye alikuwa ananiletea chakula ni Bichage."

Bichage alikuwa mchumba wa Kezia, binti pekee wa Nyamhanga. Ni Mkuria kama wao, ila shamba lake limeangukia upande wa pili wa mpaka. Nyamhanga alifurahi kweli kweli. Mkwe wa namna hiyo utampata wapi? Akampigia simu alete ng'ombe wa mahari Jumamosi, Kezia aolewe.

Jumamosi wazee wa ukoo walijaa bomani. Bichage alifika kwa pikipiki, amefunga magunia mawili nyuma. Hakukuwa na hata ndama.

"Ng'ombe ziko wapi, mura?" Nyamhanga alimuuliza kijana huyo.

"Mzee, mimi nalima vitunguu. Hizo ng'ombe ningenunua na pesa ya vitunguu. Mlikataa vitunguu, zikaozea shambani. Zenye zilipona ndio hizi."

Wazee waliondoka bila kula, maana bila ng'ombe hakuna arusi. Kezia aliingia ndani akafunga mlango. Nyamhanga aliona aibu, aibu ya kutokuwa na mtu wa kumtupia lawama.

Siku ya soko alivipanga vitunguu vile vya Bichage yeye mwenyewe, mafungu mafungu, pale pale alipopandia kreti.

"Mgomo umeisha," alisema. "Kijana amerudi."

"Wewe ndiye ulitufundisha, mwenyekiti," alijibu mchuuzi wa jirani, ambaye bei mpya ya vitunguu vya nyumbani ilikuwa imemnenepesha. "Hizo za Tanzania hatugusi."

Wateja walimpita wakitazama kando. Hadi jua la utosi Nyamhanga alikuwa hajauza hata fungu moja, na kila fungu lililobaki aliliona ni ng'ombe wa Kezia asiyekuja.

Ndipo Chrispine alipotokea, suruali bado inampwaya. Watu wakageuka kumtazama. Huyu ndiye aliyegomewa vitunguu.

"Fungu ni ngapi?"

"Chukua tu, mwanangu."

"Nimeuliza bei, baba." Alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mitumba.

Nyamhanga aliitaja. Alipokea pesa, akamfungia. Nyuma ya Chrispine mama mmoja akasogea na kikapu, akauliza kama vile vikubwa bado vipo.