Aliyekichomoa Kidude

Kompyuta za dunia nzima, mimi ndiye niliyezitengeneza. Haya, si zote. Si hata moja. Nilichomoa kidude tu, na hata hicho nilianza kwa kuchomoa waya wa pasi.

Mjukuu wangu Nasike anaandika maagizo ya ndani kabisa ya kompyuta, yale ya kuiambia ifanye nini kidude kikichomekwa au kikichomolewa. Zamani kidude kikitoka, kompyuta ilirudisha vitu vilivyoazimwa kimoja kimoja, mara isahau hiki, halafu ati inatoa jibu: nimekubali, au nimekataa.

"Ikatae nini, na kimeshatoka?" nikauliza. "Mgeni ameshafika Matulo, wewe bado uko mlangoni unasema sikuruhusu!"

"Ndiyo hiyo, kukhu!" Akanicheka mimi bibi yake mpaka chai ikamtoka puani.

Mistari yote ya maagizo hayo ya zamani alikuwa ameifuta. Sasa kidude kikitoka, kila kilichoazimwa kinarudi chenyewe, jibu hakuna. Lakini wakubwa wa kazi hiyo, huko ng'ambo, hawapokei mpaka mtu achomoe kidude chenyewe na jina lake liandikwe kuwa amejaribu. Ikiwa ni uongo, na mashine za watu zikakwama, Nasike haaminiwi tena.

Kidude alikuwa nacho Gicheru, mwenzake wa Kitale. Jumapili alikuja Kabuchai kutusalimia, na kwangu mgeni haondoki na begi jepesi. Nilimjazia ndizi mpaka zipu ikalia.

Leo akapiga simu ya video, meno yote nje.

"Shosho, sasa! Nasike, tuma tu bana. Nimekichomoa asubuhi yote, mashine haijakohoa. Andika jina langu."

"Kiko wapi?" nikamuuliza.

"Si ndicho hiki hapa!" Akapitisha kitu cheusi mbele ya simu, mbio kama mwizi wa kuku.

"Na taa yake?"

"Ya kijani, shosho. Inawaka poa."

Nikatoa mfukoni kidude nilichokuta asubuhi nikifagia chini ya kiti, pale Gicheru alipopangua begi ili ndizi ziingie. Nasike akanitumbulia macho, akakichomeka. Taa ikawaka. Nyekundu! Nikavuta waya, kumbe wa pasi, kisha nikavuta kidude. Kompyuta ikaendelea na kazi zake kama haikuachwa na mtu. Nasike akaruka, akanibusu, akaanza kuandika jina langu.

"Gicheru," nikasema, "hebu inua chako tena. Polepole."

Akainua. Kilikuwa kikonyo cha ndizi, kimekauka kikawa cheusi. Ndizi yangu.