Kimya, Usifute

Pale kituo cha televisheni walimwita Mzee Waya, ingawa waya ulikuwa mwanzo tu wa safari yake. Alianza kwa kukunja nyaya sakafuni, akapanda hadi kushika ile fimbo ndefu ya maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji, akasaka vifaa vya maigizo, akaigiza mlio wa kwato za farasi kwa vifuu viwili, na mara moja mkono wake ulijaa skrini nzima ukijifanya mkono wa daktari. Uso wake, hata siku moja. Mgongo ulipoanza kulalamika wakamteremsha chini, maktaba ya kanda, na huko akastaafia.

Leo alikuwa amerudi na binti yake, kwa sababu kituo kilikuwa kinahama na kesho yake kanda zote kuukuu zingetupwa.

"Sauti ya mama yako ipo maktaba," alimwahidi tangu binti hajui kufunga viatu. Mama alifariki mtoto hajatimiza miaka mitatu. Picha zake zilikuwa tele nyumbani, lakini picha haikuiti jina lako, na binti hakukumbuka hata neno moja la mama yake.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani wa mavazi ya mchezo mmoja wa kuigiza. Siku moja mwigizaji aliugua, ikabidi yeye asukumwe mbele ya kamera aseme maneno manne: "Karibu ndani, chai ipo." Aliyarudia mara kumi na moja, kila mara akiangua kicheko, mpaka mwongozaji akavua kofia akaikanyaga. Kisa hicho binti alikijua kwa moyo. Alichotaka sasa ni kukisikia.

"Shikamoo mzee," mtunza maktaba akamlaki, mama mmoja aliyejaa vumbi hadi kwenye nyusi. "Umekuja kutuaga?"

"Nimemfuata mke wangu."

Mtunza maktaba akacheka, akauona uso wa binti, akaacha.

Wakafungua daftari la kanda. Kidole cha Mzee Waya kikashuka hadi sehemu ya kumi na nne ya mchezo ule, ile aliyotokea mama, kikasimama. Kwa wino mwekundu paliandikwa: IMEFUTWA. Pembeni palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu.

"Nani huyu aliyefuta?" binti akauliza kwa hasira. "Na mkia wote huo wa nini?"

Mzee Waya aliondoa kidole kwenye daftari. "Ni mimi, mwanangu."

Miaka ile kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo za zamani zilifutwa zitumike upya. Alipewa orodha ya namba, haikuwa na majina, naye akafuta kwa bidii, kanda arobaini kwa wiki, akasifiwa mbele ya wenzake. Mke wake alikuwa hai bado. Nani angehifadhi sauti ya mtu ambaye jioni atakukemea kwa kuacha viatu mlangoni?

"Baba, miaka yote hii umeniambia ipo."

"Sikuwahi kupata moyo wa kuisikiliza. Nilijua ipo."

"Ulijua!"

Aliona aibu kama hajawahi kuona maishani.

"Subirini kwanza," mtunza maktaba akasema kutoka nyuma ya rafu. "Kuna kanda ya sauti hapa, ya siku hiyo hiyo ya kurekodi." Akaleta boksi dogo. Juu yake, kwa mwandiko wa Mzee Waya mwenyewe, paliandikwa: KIMYA. USIFUTE.

Macho ya binti yakang'aa.

"Mwanangu, usiweke matumaini. Kila chumba tulichorekodia, tulichukua dakika moja ya kimya, watu wote wakiwa mle mle ndani, ili wahariri wapate cha kuzibia mapengo. Hiyo ndiyo dakika yenyewe."

"Mama alikuwemo chumbani?"

"Alikuwemo."

"Basi iweke."

Mashine ikakoroma, kanda ikazunguka. Sauti ya kijana mwenye kujidai, Mzee Waya wa miaka ile, ikapaa: "Nyamazeni wote! Dakika moja." Viatu vikaburuzwa. "Na wewe fundi cherehani, kicheko hicho kimeze. Sitaki kukusikia hata kidogo."

Kisha kimya. Feni ilivuma, kiti kikalia mara moja. Wote watatu walitega masikio mpaka kanda ikaisha. Katika ndoa yao yote, hiyo ndiyo siku pekee mke wake alipomtii.

"Pengine amepumua," binti akasema, machozi yakimtiririka. "Rudisha, Baba."

Akarudisha. Angefanya nini?

"Sitaki kukusikia hata kidogo," akasema tena yule kijana, na Mzee Waya hakuwa na namna ya kumnyamazisha.