Mgeni wa Jumamosi

Lo Pi-hsia alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, fundi wa kushona sare za shule mjini Tainan. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alikuwa akivuka njia panda kwa pikipiki, gari dogo likakata kona bila dereva kumwona. Alipozinduka hospitalini akaambiwa paja lake la kulia limevunjika mara mbili na limetiwa chuma.

Aliyemgonga hakukimbia. Aliitwa Tu Wan-fu, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa mabega mapana na sauti ya chini. Alikuja wodini na kikapu cha mapera, akainama mpaka kichwa kikakaribia kugusa kitanda.

"Nisamehe, dada. Jua lilinipiga machoni."

"Jua hilohilo lilinipiga na mimi," Pi-hsia akamjibu, "na sikumgonga mtu."

Alipotolewa hospitali, majirani walimletea uji wiki ya kwanza, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Mwanawe wa pekee yuko Kanada. Kukicha huku, kule ni usiku. Wan-fu ndiye aliyeendelea kuja, kila Jumamosi saa nne. Alibadilisha taa iliyoungua, akatoa takataka, akakaa kumenya mapera huku akisimulia barabara za milimani zilizomeza malori ya wenzake.

"Unakata tunda kama unapasua kuni!"

"Mkono wa usukani huu, dada. Haujui kisu."

Pi-hsia alicheka, na kicheko kikamshtua, maana kilikuwa hakijasikika siku nyingi ndani ya nyumba ile. Ikawa kila Ijumaa jioni anaosha nywele, mguu wake mbovu umenyooshwa juu ya kiti. Hakujiuliza kwa nini.

Mwezi wa nane wakaitwa kwenye baraza la usuluhishi, katika ofisi ya wilaya. Kaka yake, Chin-te, ndiye aliyebeba jalada la risiti na vyeti vya daktari.

"Dada yangu hawezi kukanyaga cherehani," akasema kwa ukali. "Mguu ule ndio ulikuwa ukimlisha!"

Mtu wa bima akapunguza fidia, Chin-te akaipandisha, mama msuluhishi akawamiminia chai na kuwasihi wakutane katikati. Wakakutana. Pi-hsia akagonga mhuri wa jina lake kwenye makubaliano, badala ya sahihi. Wan-fu akasimama, akainama kama siku ile ya kwanza.

"Asante, dada. Sitakusumbua tena."

Pi-hsia alitaka kumwambia neno jingine. "Uendeshe taratibu," ndilo lililotoka.

Kwenye ngazi Chin-te alicheka. "Watu wa bima ndio waliomfunza huyo. Anayepeleka matunda huonewa huruma, asiyepeleka hushtakiwa. Ulidhani anakupenda?"

Pi-hsia alishikilia gongo lake, akashuka ngazi moja moja.

Jumamosi iliyofuata alifagia, akachana nywele, akakaa mlangoni. Saa nne ikapita. Jumamosi ya pili vilevile. Jumamosi ya tatu akapiga simu, akapokea mke wa Wan-fu.

"Bi Lo? Si tulishamalizana? Kuna nini tena?"

"Hakuna neno. Nilitaka kuuliza kama Bwana Tu alisahau mwavuli wake hapa."

Nyuma ya yule mwanamke mtu alikohoa, na kikohozi kile Pi-hsia alikijua.

"Hana mwavuli," mke akasema, akakata.

Hela za fidia ziliingia benki. Akanunua cherehani ya umeme inayoendeshwa kwa kitufe cha mkono, na ikawa inafanya kazi vizuri. Kila Jumanne alikwenda hospitalini kwa mazoezi ya mguu. Siku moja ya mwezi wa kumi, akiwa katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, aliachia mikono akatembea mpaka mwisho. Mtaalamu akapiga makofi mara tatu, akaandika kwenye fomu, akamwendea mgonjwa mwingine.

Kituoni, akisubiri basi, Pi-hsia alitafuta wa kumwambia. Akampigia mwanawe, simu ikaita mpaka ikakatika. Akamwachia ujumbe wa sauti.

"Leo nimetembea hatua kumi na mbili bila gongo. Usiamke, mwanangu, lala tu."

Akausikiliza ujumbe ule mwenyewe mara mbili. Kisha basi likafika, akapanda, akitanguliza mguu mzima kama alivyofundishwa.