Maksai wa Kushoto

Yule maksai mgeni aliingizwa kwenye nira akachomoa shingo, akaingizwa tena akachomoa, na safari ya tatu akamkanyaga Kalisti kidole gumba cha mguu. Kalisti hakulalamika. Alicheka, akachechemea kidogo, akasema huyu ana nguvu, tena nguvu zenyewe mbaya.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Kharumwa usiku kucha. Mbuga ilikuwa nyeusi, udongo ukiukanyaga unakushika mguu kama mtu anayekuomba ubaki. Siku kama hiyo kila mwenye plau anakuwa shambani kwake, lakini watu waliacha kazi zao wakaja kwa Kalisti, maana habari ilishafika kila mji: maksai wa Donatus akikubali kulima na maksai wa Kalisti, Lukresia anakwenda Chuo Kikuu. Wakikataana, haendi.

Ngoja nilieleze vizuri. Kalisti alikuwa na maksai wawili tu, Meneja na Diwani, na kazi yake ilikuwa kulimia watu. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, pamoja na mshahara wa binti yake Lukresia, karani wa ghala la pamba. Sasa binti kapata nafasi Dar es Salaam, kusomea mambo ya jamii. Ada inalipa serikali, chakula inalipa serikali, na akimaliza ataitumikia miaka mitano popote atakapopelekwa. Hilo deni moja. Deni la pili ni la nyumbani. Mshahara wa ghala unakatika, na nauli, godoro, viatu, unga wa wanaobaki, vyote vinataka pesa. Dawa ni kuuza maksai mmoja mnadani. Lakini maksai mmoja halimi! Ndipo akajitokeza jirani yao, Donatus, aliyerudi kutoka machimboni Geita akakuta maksai wake mmoja kafa, kabaki na mmoja. Akasema tuwaunganishe, wakielewana tulime kwa zamu.

Huyo Donatus ni mtu wa utani. Jioni ya kuamkia siku hiyo walikuwa wamekaa motoni kwa Kalisti, akamwanza binti.

"Unaacha mshahara ukatafute mshahara. Huo wa digrii unauzidi huu?"

"Karibu mara mbili, baba mdogo."

"Baada ya miaka mitatu. Na sukari itakuwa imepanda mara ngapi?"

Walicheka wote, hata Lukresia, maana sukari yenyewe walikuwa hawajaiona tangu mavuno. Binti akaahidi kwamba akianza kazi atamrudishia baba maksai wake. Donatus akapiga hesabu kwa vidole, akasema mshahara wa kwanza utanunua mguu wa nyuma.

"Basi nitalipa mguu mguu."

"Na mkia?"

"Mkia nakuletea wewe, baba mdogo, ufukuzie nzi."

Kisha Kalisti akauliza kile kilichomkaa rohoni, kwamba watu wanasomwa namna gani, na kwa nini mtu alipwe kwa kuwasoma. Lukresia alifikiri kidogo. Akasema pale ghalani mama analeta pamba kichwani, yeye anaipima, halafu anaandika jina la baba. Akina mama wote ni hivyo hivyo, na hakuna anayeuliza. Yeye anataka kujua kulianzaje.

Mama yake, Febronia, alikuwa ameinamia chungu. "Hata mimi ningependa kujua," akasema.

Kalisti akatikisa kichwa, akatikisa tena, akasema kesho tuwajaribu hao maksai.

Ndiyo hiyo kesho sasa. Febronia alishika kamba mbele, Kalisti plau nyuma. Diwani alikuwa amefungwa pembeni, yeye ndiye wa kuuzwa. Meneja na yule mgeni walipokwisha kufungwa nira hawakuvuta, walisukumana. Meneja akisukuma kwenda kushoto, mgeni naye anasukuma kwenda huko huko. Plau ikaruka juu, ikalala ubavu. Watazamaji wakapiga vigelegele vya dhihaka, na Donatus akauliza kama wanalima au wanacheza ngoma.

Wakarudia, ikawa vile vile. Lukresia akaja katikati ya shamba, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

"Baba, basi. Kesho narudi ghalani."

Febronia hakumtazama binti, alimtazama mumewe. "Baba Lukresia, unajua kabisa. Hawa wote wamezoea nira ya kushoto. Wa kulia ni Diwani."

Kweli alikuwa anajua. Meneja alimlea tangu ndama, akamfundisha mwenyewe. Kalisti akikohoa ndani usiku, Meneja anajibu zizini. Alitumaini tu kwamba huyu mgeni angekubali kubadili upande. Alisimama pale, mkono kwenye nundu ya Meneja. Kisha akafungua nira, taratibu, akamkuna nyuma ya sikio, akampa Lukresia kamba.

"Mshike, ng'wanawane, mwanangu. Sasa wa mnadani ni huyu."

Diwani akaletwa, akawekwa kulia. Mgeni akamnusa, akapumua kwa nguvu, akatulia. Kalisti akabonyeza mikono ya plau chini, akaita kwa sauti yake ile ya siku zote, "Haya, twende!"

Wakaenda. Jamani, walikwenda! Udongo ulifunguka mweusi unang'aa, Febronia anakimbia mbele kanga inamvuka, Kalisti anakimbia nyuma huku anacheka kama kalewa, na Donatus anawafuata pembeni akipiga kelele kwamba huyo ni maksai wake, wamwone. Mstari ulianza umepinda, mbele kidogo ukanyooka.

Pembeni, Meneja alikuwa amesikia ile sauti. Akainamisha shingo, akaanza kutembea mpaka kamba ikakaza mkononi mwa Lukresia. Binti akailegeza. Meneja akaufuata ule mstari, upande wake wa kushoto, hatua kwa hatua na wenzake, shingo tupu, akivuta.