Damu Ikionekana, Acha

Jumatatu asubuhi, siku ya ishirini na nane tangu mayai yawekwe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bata alifunua mashine yake ya kutotolesha mayai, akakuta vifaranga kumi na mmoja wameshatoka na yai moja lina tundu dogo tu. Tundu hilo lilikuwepo tangu jana yake mchana. Kifaranga mwenye nguvu hakai na tundu moja siku nzima; hulizunguka ganda akilikata, kisha husukuma kwa miguu, ametoka. Huyu alikuwa amekwama, na alikuwa akilia kwa sauti ya kuchoka.

Mama Bata alikuwa anateleka maji aliposikia mumewe naye anagonga kule chumbani.

Mumewe alikuwa ameota ganda tangu Ijumaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga mifuko ya saruji kiwandani, na vumbi lile ukilivuta muda wote huo halitoki tena kwa kukohoa. Lilimwanzia viganjani, likapanda shingoni. Ijumaa alirudi kazini hoi bin taaban, hata ovaroli akashindwa kuivua, akajitupa kitandani, akajikunja magoti kidevuni. Kulipokucha alikuwa ameshafunikwa mwili mzima, mweupe, laini, hana hata ufa. Majirani walikuja kutoa pole. Mtaani kwao alikuwa wa tatu mwaka huo.

Daktari wa kiwanda alifika Jumamosi, akaligonga ganda kwa kalamu.

"Haya ni mambo ya kuku," akasema. "Mnafuga kuku ndani, mama. Maradhi haya ni ya nyumbani, si ya kazini."

"Ni bata, daktari."

"Basi ndiyo hayo hayo," akasema daktari, na akaandika kuku.

Mama Bata hakutaka makuu. Alitaka mumewe atoke akiwa hai, hata kama ni wa kukohoa tu hadi mwisho wa maisha yake. Na kazi ya kumtoa aliijua kuliko daktari yeyote. Alianza na kifaranga ili mkono uzoee. Alilowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, akalainisha kando ya tundu, akabandua ganda kwa kibano, kipande baada ya kipande, mpaka utando ukaonekana. Kwenye utando kulikuwa na mishipa myekundu, myembamba. Akaacha hapo hapo. Mishipa ikiwa bado na damu, damu hiyo haijarudi mwilini, na ukivuta anakufia mkononi. Vifaranga wake wa mwanzo, miaka hiyo, aliwaua hivyo, kwa huruma na pupa, na hadi leo akiwakumbuka anaona haya.

Alilizungushia yai kitambaa chenye unyevu, akalirudisha kwenye mashine. Kufikia alasiri mishipa ilikuwa imekauka. Akabandua lililobaki, na kifaranga akaangukia kiganjani mwake, amelowa chapachapa, sura mbaya, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mama Bata akacheka peke yake.

"Umenitesa wewe! Haya, nenda kwa wenzako."

Akaingia chumbani na moyo mweupe, amebeba beseni, nyundo na bisibisi. Akagonga taratibu upande wa kichwa mpaka kipande kikatoka, na pua ya mumewe ikaonekana.

"Mke wangu," akasema mumewe, sauti imejaa vumbi. "Endelea. Sina nafasi ya kupumua humu."

Akaendelea hadi kifuani. Akalowesha utando, akauangalia, akauona wekundu: mistari miwili, imetoka mabegani ikashuka tumboni. Akaweka nyundo chini.

"Damu bado," akasema.

"Damu gani tena? Nitoe."

"Mume wangu, kazi hii naijua. Tungoje ikauke."

Mumewe akasema, "Sawa. Fundi ni wewe."

Jioni yote alikaa naye, akiulowesha utando usije ukamkaza, akimwambia habari za kifaranga. Mara mojamoja mumewe aligonga. Jumanne asubuhi wekundu ulikuwa vilevile. Mchana hakugonga tena. Kifaranga naye hunyamaza akipumzika, alijiambia Mama Bata, na akaulowesha utando tena.

Jumatano mistari ilikuwa bado inang'aa. Ndipo alipoogopa. Akaurarua utando kwa mkono mmoja, na hapakutoka hata tone. Ile mistari ilikuwa ya ovaroli, ile ambayo kiwanda huishona kwenye nguo ili madereva wa malori wawaone watu ndani ya vumbi. Damu ya mumewe ilikuwa imesharudi yote mwilini. Alikuwa tayari tangu Jumatatu.

"Jamani, nilikungoja," akamwambia. "Nimekungoja mpaka umekufa." Alilia hadi majirani wakaacha kazi zao. Alijichukia, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu kikamwingia.

Walipomaliza kuzika, lori la kiwanda likasimama mlangoni. Msimamizi akavua kofia.

"Pole sana, mama. Tumefuata lile ganda. Ni saruji, na saruji ni mali ya kiwanda. Litasagwa upya."

"Liko chumbani," akasema Mama Bata.

Wapakiaji wawili wakaingia na mafagio. Walifagia hadi chini ya kitanda. Mmoja wao vidole vilikuwa havikunjiki tena, vyeupe, kila akishika mfuko unamponyoka. Mama Bata alimtazama kidogo, kisha akainama, akamshikia mfuko mpaka ukajaa.