Chane Tatu na Nusu

Saa tatu na nusu asubuhi, kwenye ofisi ya ramani za mashamba iliyo ghorofa ya pili pale Levolosi, Magreth alipuliza vumbi kwenye diski ya zamani, akachomeka ule waya wake mpana, akaketi kupiga hesabu. Ndani ya diski mlikuwa na mashamba yote ya kijiji cha Akheri, yamepangwa kwa majina ya wenyewe kuanzia A. La mama yake, Susana, lilikuwemo: kahawa, migomba, na kaburi la baba. Yote yalitakiwa kuhamishiwa kwenye mtandao mpya. Diski ilikuwa imechoka. Ikishawaka halafu ikasimama, haiamki tena.

Hesabu ilimtia hofu. Mtandao ulikuwa wa mia na diski ya kumi na sita, lakini, ukifananisha data na ndizi, mtandao huhesabu ndizi mojamoja na diski huhesabu chane, na kila chane ni ndizi nane. Mia ukigawa kwa nane unapata chane kumi na mbili na nusu. Kila sekunde diski ingetoa kumi na sita, mtandao ungebeba kumi na mbili na nusu, na chane tatu na nusu zingemwagika. Programu waliyopewa haikujua kusubiri.

"Bosi, diski tuiweke gia ya tatu," alimwambia Bwana Hans, msimamizi wa ofisi. "Hiyo inatoa kumi na moja. Hakimwagiki kitu."

"Itachukua muda gani?"

"Saa nzima. Ya nne, hii ya kumi na sita, ni dakika arobaini na mbili."

Bwana Hans alitazama saa yake. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne na nusu kuja kukata utepe, na keki ilishafika. "Mia na kumi na sita, ipi kubwa?" aliuliza. "Hata mtoto wa chekechea anajua. Weka ya nne."

Bwana Hans alikuwa na digrii mbili. Magreth alikuwa na cheti kimoja na bisibisi. Saa tatu na dakika arobaini aliweka ya nne.

Wa kwanza kumwagika alikuwa Mzee Anaeli wa Akheri. Alitokea kwenye benchi la wageni, gambuti zina matope, panga amelishika juu.

"Shikamoo, mzee," alisema Magreth.

"Marahaba. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, mgomba ukaondoka." Aliliweka panga chini ya benchi kwa adabu, akaomba simu, akampigia jirani. Jirani alimwambia kwamba mimea ya masale ya mpaka wa juu na ile ya mpaka wa chini imekutana. Katikati, palipokuwa na shamba la Anaeli, hapakuwa na kitu, wala pengo. Mzee alishukuru, akarudisha simu.

Magreth alipeleka mkono kwenye swichi, akaurudisha. Kuzima asingeweza, maana kungewamaliza wote waliobaki, na Susana alikuwa mbali huko kwenye S. Akabaki anatazama herufi zikipita. Kwenye E alikuja Elifuraha na ndoo ya maziwa iliyojaa nusu. Kwenye L walikuja sita kwa mpigo, na Bwana Hans akaagiza benchi la pili.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Mzee Anaeli, akimsogelea Elifuraha ili wengine wapate nafasi.

Saa nne na robo alikuja Solomoni, povu la sabuni ya kunyolea likiwa shavuni. S ilikuwa imeanza. Magreth alipiga simu.

"Mama, uko wapi?"

"Si niko shambani, nachuma kahawa. Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

"Shika mti wowote ulio karibu, mama. Usiuachie."

"Nitaushikaje na mimi nina..."

Simu ilikatika. "...kikapu mkononi?" alimalizia mama yake, kwenye benchi, nyuma ya Magreth.

Saa nne na dakika ishirini na mbili, kama hesabu ilivyosema, diski ilimaliza, ikalia kidogo, ikanyamaza moja kwa moja. Kwenye skrini Akheri ilionekana imekamilika, mashamba yameshikana vizuri bila nafasi. Bwana Hans aliipenda. Aliwahesabu watu wa kwenye mabenchi, wakawa thelathini na mmoja, akasema kwa kuwa hawamo kwenye orodha, hao ni wageni, na wageni husaini kitabu.

Mgeni rasmi alifika saa tano na robo, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alipokata utepe, watu wa kwenye mabenchi walipiga makofi, maana walilelewa vizuri.

Kitabu cha wageni kilipomfikia Susana, aliandika jina lake kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili iliuliza atokako. Kalamu ikasimama. Kikapu kilikuwa magotini, kahawa mbivu bado ina umande wa asubuhi.

"Niandike nini hapa?" aliuliza.

Magreth alitazama skrini, akatazama kikapu. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi.

"Andika Sakina, mama."

Mama yake aliandika Sakina, polepole, akampa Solomoni kalamu.